Mashine ya muda ikikupa safari moja tu: Sandringham, Polesden Lacey, Cragside, Lanhydrock au Erddig?

Tuseme mashine ya muda ipo, imejaa chaji, na umeruhusiwa kurudi nyuma mara moja tu ukakae siku tatu nne kwenye jumba la kabaila wa Kiingereza enzi za mfalme Edward VII. Hapo nasemea kuanzia Januari 1901 alipofariki mama yake Victoria mpaka Mei 1910 alipofariki yeye mwenyewe, ingawa wengi huwa wanaivuta hiyo enzi mpaka 1914 vita ilipoanza na mi pia nitaivuta kidogo. Unaenda wapi sasa? Majumba ya aina hiyo yalikuwa mengi mno, nimechagua matano, na uzuri wake yote yamesimama mpaka leo kwa hiyo hata ukikosa mashine unaweza kukata tiketi ukaingia na viatu vyako vya kawaida. Highclere, lile jumba la tamthilia ya Downton Abbey, nimeliacha makusudi manake kila mtu ameshaliona kwenye TV, hakuna jipya.

Watu wakiota safari hizi wanajiona mezani, glasi mkononi, mishumaa inawaka. Hakuna anayejiona jikoni. Wakati Uingereza ya miaka ile ilikuwa na watumishi wa ndani zaidi ya milioni moja, wengi wao wanawake, wasichana wa kazi wanalipwa kama pauni 20 hivi kwa mwaka mzima, kwa hiyo ukipiga hesabu kweli kweli, ukitupwa kule bila kuchagua, we ni beki tatu, unaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda kuzoa majivu kwenye jiko la moto la chumba cha mtu ambaye bado anakoroma. Ndo maana mi kwenye kila jumba naangalia kwanza mlango gani utaingilia na ukishaingia utaruhusiwa kuona nini. Dhahabu ya ukutani baadae.

Na mtu mweusi je? Hili najua unaliwaza. Jibu ni kwamba inategemea umekuja kama nani. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, alialikwa kwenye kutawazwa kwa Edward, akaenda na katibu wake Ham Mukasa, na Mukasa akaandika safari nzima kwa Kiganda, kwa hiyo tunao ushuhuda wa Waafrika wenzetu waliozunguka Uingereza ya wakati huo huo wakiwa wageni wa serikali. Tena walikaa kuliko ilivyopangwa manake sherehe ilikuwa iwe tarehe 26 Juni, mfalme akaugua kidole tumbo, akapasuliwa, ikasogezwa mpaka 9 Agosti. Mwaka huo huo Zanzibar akakalia kiti Sultani Ali bin Hamud ambaye alikuwa amesoma Harrow, shule ya watoto wa makabaila hao hao. Kwa hiyo ushauri wangu ni jiite mjumbe kutoka Unguja, vaa joho na kilemba cha maana, ongea Kiingereza taratibu. Ukienda na suti ya kukodi ukasema we ni mtalii tu watakushangaa na kukuweka upande wa watumishi, na pengine huko ndo kuzuri zaidi lakini tutafika. Pasi ya kusafiria isikuumize kichwa, kabla ya vita ya 1914 mtu alikuwa anaingia Uingereza bila hicho kijitabu. Hela ndo uwe makini, pauni 1 ni shilingi 20 na shilingi ni peni 12, na usije ukatoa sarafu ya 1908 kwenye duka la 1903.

Haya tuanze na jumba la mfalme mwenyewe. Sandringham liko Norfolk, mashariki, lilinunuliwa 1862 Edward akiwa bado mwana wa malkia, nyumba ikajengwa upya ikakamilika 1870. Unafika kwa treni mpaka stesheni ya Wolferton, unachukuliwa na gari la farasi. Sasa kituko cha kwanza, na kwa msafiri wa muda hiki ni kitamu sana, ni kwamba ukishavuka geti la Sandringham saa zote zipo mbele nusu saa. Nchi nzima ni saa mbili asubuhi, pale ni saa mbili na nusu. Mzee alitaka mwanga mwingi zaidi wa kuwinda, akaamua saa zibadilike, zikabadilika, na zikakaa hivyo mpaka 1936 Edward VIII alipozifuta. Yani umesafiri miaka mia na ushee nyuma hujakosea, alafu unachelewa chakula cha mfalme kwa dakika thelathini. Na alikuwa hapendi mtu anayechelewa, ingawa mkewe Alexandra alikuwa bingwa wa kuchelewa na hakuna aliyemfanya kitu.

Kituko cha pili, inasimuliwa kwamba wageni walikuwa wanapimwa uzito kwenye mizani wakifika na wakiondoka, ionekane wamekula vizuri. Na chakula kilikuwepo bana. Asubuhi saa tatu meza imejaa figo za kukaanga, mayai, samaki, paja la nguruwe, na wali uliochanganywa na samaki na mayai ambao waliuiga India (we Mswahili utaulizia ndimu na pilipili, hamna), saa saba na nusu mchana tena, saa kumi na moja chai na keki, saa mbili na nusu usiku ndo kile cha sahani kumi na kitu. Mfalme kiuno chake kilikuwa inchi 48, sio kwa bahati mbaya. Mwislamu uwe na mpango wako mapema, mjumbe wa Unguja kusema hali nguruwe wala hanywi ni jambo ambalo watalielewa, wanakuwa tayari na hilo kwa wageni wa India.

Kubaya kwa Sandringham ni mawili. Moja ni uwindaji, manake ukienda Novemba kwenye birthday yake tarehe 9 siku yote mnasimama kwenye baridi mnapiga fezanti, ndege wa mkia mrefu ambao wamefugwa kwa ajili hiyo tu alafu wanakurupushwa waruke juu ya bunduki. Enzi ile walikuwa wanapitiliza, Desemba 1913 mwanae George V alialikwa kwenye shamba la bwana mwingine kule Buckinghamshire na kwa siku moja kundi lao likaangusha ndege zaidi ya 3,900, mpaka mfalme mwenyewe akaona wamezidisha. La pili ni kwamba uongo wako unaweza kugundulika pale kuliko popote, Edward anajua kila mtu, balozi gani yuko wapi, sultani gani mtoto wa nani, na anajua nishani kuliko sonara. Ila nimtendee haki, alipozunguka India 1875 aliandika nyumbani kulalamika jinsi maafisa wa Kiingereza walivyokuwa wanawadharau wenyeji, kwa hiyo dharau ya wazi wazi mezani pake sidhani kama utaipata.

Sasa weka hapo pembeni Polesden Lacey, Surrey, kusini mwa London, ambako mfalme huyo huyo alikuwa mgeni mwaka 1909. Kama unataka kumuona Edward bila kukaa chini ya sheria zake, hapa ndo pake. Mwenye nyumba ni Margaret Greville, na stori yake tu inatosha nauli: baba yake William McEwan alikuwa tajiri wa bia wa Scotland, mama yake hakuwa mke wa McEwan wakati mtoto anazaliwa, na watu wa daraja la juu walijua, wakanong'ona, alafu wakaja kula kwake hivyo hivyo. McEwan alimnunulia jumba 1906 na mumewe Ronald, wakawapa kazi Mewès na Davis, wale wale waliochora hoteli ya Ritz ya London, na kuna sebule moja ina kuta za dhahabu zilizotolewa kwenye jumba la Italia. Ronald akafariki 1908, mwaka uliofuata Margaret, sasa mjane, akampokea mfalme.

Tofauti na Sandringham utaiona usiku. Majumba mengi ya zamani bafu lilikuwa la kutafuta, msichana anabeba ndoo za maji ya moto ngazi juu, unaogea kwenye beseni mbele ya moto. Polesden ilitengenezwa upya na mtu anayefikiria kihoteli, umeme upo, simu ipo, vyumba vya wageni vina mabafu yake. Kwa mtu wa leo asiyetaka shida hii ndo sehemu nyepesi kuliko zote tano. Lakini ndo yenye kazi ya maneno pia, bibie alikuwa na ulimi na masikio, meza yake ni ya wanasiasa, wenye mabenki na umbea, ukikaa kimya utaonekana mshamba na ukiongea sana utaulizwa maswali. Na nguo! Wanawake wajue kabisa kwamba siku moja ni kubadilisha mara nne tano, ya asubuhi, ya kutembea nje, ya chai, ya chakula cha usiku, na kila moja na koseti yake, na huwezi kujivalisha mwenyewe, lazima uende na mtu. Ukienda bila msaidizi umejichoma. Wanaume afadhali kidogo. Na usisahau bakshishi ya kuagana, wale watumishi wanakumbuka sura.

Ukiniuliza kati ya hizo mbili nachukua Polesden bila kuwaza, Juni 1909, hali ya hewa nzuri, hamna bunduki. Sandringham nawaachia wanaopenda kusema "nimelala nyumba moja na mfalme".

Cragside ni habari nyingine kabisa, na hapa ndo watu wa teknolojia watakapogombana na mimi. Liko Northumberland, kaskazini karibu na Scotland, kwenye mwamba juu ya mto, na aliyelijenga ni William Armstrong, mhandisi wa Newcastle. Jamaa alichimba maziwa mlimani, akashusha maji kwenye mtambo, 1878 akawasha taa ya kwanza ya umeme wa maji, na 1880 akaweka balbu za rafiki yake Joseph Swan, ndo maana linatajwa kuwa nyumba ya kwanza duniani kuwashwa hivyo. Maji hayo hayo yanapandisha lifti, maji yanazungusha chuma cha kuchomea nyama jikoni, na chini kuna hamamu ya Kituruki na bwawa la maji baridi. Mtu wa Unguja hapa atatabasamu, manake miaka hiyo hiyo Sayyid Barghash alikuwa amejenga hamamu ya Hamamni, na Beit al-Ajaib lake la 1883 nalo likaja kupata umeme na lifti, kwa hiyo usije ukaenda kule ukaanza kushangaa kana kwamba umetoka porini, waambie tu kwetu pia ipo.

Kinachonipendeza Cragside ni kwamba ile lifti kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha makaa ya mawe. Chumba kila kimoja kina moto wake, makaa ni mazito, na kwenye majumba mengine yote hayo yanapandishwa kwa mikono ya wasichana wa miaka kumi na sita. Hapa maji yanabeba. Sijui kama Armstrong aliwaza wasichana au aliwaza tu kwamba ni upuuzi kupoteza nguvu ya watu, lakini matokeo ni yale yale.

Tatizo ni tarehe, na watu wengi hawaliangalii. Armstrong alifariki 27 Desemba 1900, Victoria akafuata 22 Januari 1901. Yani enzi ya Edward ilipoanza mwenye akili yake hayupo, amekosa kwa wiki chache. Ukienda 1905 utapokelewa na mrithi, William Watson-Armstrong, ambaye hela zilimsumbua mpaka 1910 akauza picha nzuri nzuri za ukutani. Enzi ya utamu ya Cragside ni nyuma kidogo, 1884 alipokuja Edward akiwa bado Prince of Wales, yani mrithi wa kiti, au 1889 alipokuja Shah wa Uajemi. Na hao wageni hawakuja kuangalia balbu tu. Armstrong alikuwa anauza mizinga na manowari kutoka kiwanda chake cha Elswick, na mwenye hela alikaribishwa, Wachina, Wajapani, wote. 1905 Wajapani walipowazamisha Warusi kule Tsushima, manowari zao kadhaa zilitoka kwake. Kwa hiyo unapokaa kwenye ile sebule nzuri ujue nani ameilipia. Mtu akitaka mitambo tu basi aende leo kwa tiketi, bado vipo vingi vya kuona, haina haja ya kupoteza safari yako moja.

Lanhydrock nitalipitia haraka ingawa ndo lenye jiko bora. Liko Cornwall karibu na Bodmin, liliungua Aprili 1881 likajengwa upya, kwa hiyo ni sura ya kale na uti wa mgongo mpya, mabomba ya kupasha joto na mipira ya kuzimia moto kila kona, manake aliyeungua mara moja hasahau. Jiko lake ni kijiji: pa mikate peke yake, pa keki peke yake, pa nyama, pa samaki, na chumba cha maziwa ambapo maji ya chemchemi ya mlimani yanapita kwenye mifereji ya mezani yapoze krimu, hamna friji. Mpishi yeyote, mama lishe yeyote mwenye macho, atashinda pale siku nzima asitamani kwenda mezani.

Ila kuna kitu kinanifanya nisite. Mtoto mkubwa wa kiume wa nyumba ile, Thomas Agar-Robartes, watu wanamuita Tommy, ni kijana mbunge, mtanashati, mcheshi, na wewe unajua kwamba tarehe 30 Septemba 1915 atakufa kwenye vita ya Loos, Ufaransa. Yeye hajui. Mnacheza karata wote. Kwenye majumba yote utakutana na vijana wa namna hiyo lakini hapa nyumba yenyewe imejaa watoto, walikuwa familia kubwa, na utamjua kwa jina. Msafiri wa muda anaambiwa asiseme kitu. Mi nisingeweza kukaa kimya, kwa hiyo siendi.

Linabaki Erddig, karibu na Wrexham, Wales. Kwa uzuri wa nje haliwezi kushindana na hayo mengine, umeme hamna, ni taa za mafuta na mishumaa, na familia ya Yorke haikuwa na hela za kutisha. Lakini hawa Yorke walikuwa na tabia ambayo sijaona kwa wengine, kizazi baada ya kizazi walikuwa wanawachora na kuwapiga picha watumishi wao, seremala na msumeno wake, mpishi na vyombo vyake, alafu wanaandika mashairi juu yao, mashairi mabaya kweli lakini yanataja majina. Mpaka kuna picha ya zamani ya kijana mweusi ameshika tarumbeta, mtu wa gari la farasi. Sandringham unajua mfalme alikula nini, Erddig unajua aliyeosha sahani aliitwa nani. Leo hata ukienda na tiketi unaingilia upande wa karakana na mazizi, wanapoingilia wafanyakazi, sio mlango mkubwa.

Isije ikaonekana wale ni malaika. 1902 Philip Yorke alimuoa Louisa Scott, na Louisa aliandika daftari la kila siku, na mwaka 1907 mpishi wao Ellen Penketh alishtakiwa kuwaibia pauni 500, hela ambayo msichana wa kazi angeipata kwa miaka ishirini na tano. Kesi ikaenda mahakamani Ruthin, baraza la wazee wa mahakama likamuachia, hana hatia. Kazi alikuwa ameshapoteza, jina limeshachafuka. Hapo ndo unaona mipaka ya yale mashairi: wanakupenda ukiwa kwenye picha.

Kuna jumba la sita nimelifikiria, Vale Royal la Cheshire, kwa sababu ndo la Lord Delamere ambaye 1903 alihamia Kenya, na shamba hilo la Cheshire ndo aliloliweka rehani ili agharamie maelfu ya ekari zake za Njoro, wakati Wamaasai wanasainishwa mkataba wa 1904 wa kuhama. Kwa mtu wa huku ni jumba lenye maana lakini kwa mgeni ni boring, mwenyewe hayupo. Na hata kwenye yale matano ukiwa pale 1905, unanyweshwa chai, unajua kusini mwa Tanganyika Maji Maji imeshawaka na upande wa Nandi, Kenya, Oktoba mwaka huo kiongozi wao Koitalel arap Samoei anapigwa risasi. Meza nzima hakuna atakayelitaja, pengine mmoja ameliona kwenye gazeti na kulifunua ukurasa.

Kwa hiyo ukitaka raha na vitanda, Polesden, Juni 1909. Ukitaka hadithi ya kuwasimulia wajukuu, Sandringham, Novemba, na rekebisha saa getini. Mtu wa mitambo nenda Cragside lakini rudisha mashine mpaka 1884, usiende 1905 ukaja kulalamika. Wapishi Lanhydrock, kama roho yenu ni ngumu kuliko yangu.

Mi nachukua Erddig, na sio kama mjumbe wa Unguja. Ningeomba kazi jikoni mwanzoni mwa 1907, kabla mambo hayajaharibika, nikae karibu na Ellen Penketh nione yale mahesabu ya nyumba yalikuwa yanaandikwa vipi na hela zilikuwa zinapita mikono ya nani, manake mahakama ilisema hakuiba na mpaka leo nataka kujua pauni 500 zilienda wapi. Mshahara wasinilipe, wanipe tu chakula na kitanda, na Jumapili jioni niwe huru.